Mtoto Ni wa Nani? Habari za Wazazi na Shule katika Bonde na Tanga

Katika jubilei hii makanisa na maaskofu watasifiwa, nayo ni haki. Sisi twaandika habari za shule, nasi twataka kulishika neno moja lililowasumbua wazee wa Bonde tangu mwanzo: mtoto aingiapo shuleni, ni nani mwenye haki juu yake?

Unguja neno hili halikuulizwa. Askofu Tozer alipofika kule mwaka 1864, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao Sultani Majid akampa. Hawakuwa na baba wa kusema ndiyo, wala mama wa kusema hapana. Shule ya Kiungani kwa wavulana, na ya Mbweni kwa wasichana, zilikusanya watoto wengi wa namna hiyo, na misheni ikawa ndiyo baba, ndiyo mama, ndiyo ukoo. Jina, kazi, na mara nyingi hata mchumba, vilitoka mikononi mwake. Tusiilaumu upesi, mtoto yule angalikwenda wapi?

Lakini Bonde ilikuwa na wenyewe. Padre Alington alipofika Magila mwaka 1868, na Padre Farler baada yake mwaka 1875, walikuta watoto wenye baba na mama, tena wenye mjomba, ambaye neno lake lilikuwa zito. Mtoto alikuwa na kazi yake: kufukuza nyani na ngedere shambani, kuchunga mbuzi, kumbeba mdogo wake. Kumwita asubuhi nzima akasome a, e, i, o, u, ni kumwondoa mlinzi wakati mahindi yanapokomaa. Basi wazee walipokawia kuwatoa watoto wao, huo haukuwa ujinga, kama wengine walivyosema. Walikuwa wakipiga hesabu.

Palikuwa na galo pia, yaani jando la Wabondei. Mapadre waliona humo mambo yasiyomfaa Mkristo. Wazee waliona kwamba mvulana asiyepita humo hajafundwa, hata akijua kusoma kitabu kizima. Kila upande ulikuwa na shule yake, na mtoto alikuwa yule yule mmoja. Tena vijana wa Bonde walipoanza kupelekwa Kiungani, mzazi alitakiwa amwache mwanawe avuke bahari ile ile iliyokuwa imewachukua watumwa. Wanaoshangaa kwamba wengine walikataa, sisi twawashangaa wao.

Hata hivyo haki ya mzazi haikuwa njema sikuzote. Wakati wa njaa au deni mtoto aliweza kuwekwa rehani kwa mdai, naye mwenyewe hakuulizwa. Wapo vijana waliokuja misheni kwa miguu yao, wazee wao wasipende. Hapo haki ya tatu, ya mtoto mwenyewe, ilianza kuchungulia mlangoni.

Mjini Tanga mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1892 Wajerumani walifungua shule ya serikali. Wazazi wa pwani ni Waislamu, wakaogopa wana wao wasije wakafanywa Wakristo. Gavana von Soden alitaka walimu wa Kurani walipwe na serikali, ili wazazi wawe na imani na shule. Wamisionari wakapinga kwa nguvu, na shule ikawa ya kusoma na kuandika pasipo dini. Twasema wazi: wamisionari walitaka mzazi Mkristo afundishiwe mwanawe dini yake, na jambo hilo hilo wakamnyima jirani yake.

Wakati wa Waingereza watoto waligawanywa shuleni kwa rangi, na mzazi Mwafrika hakuwa na la kuchagua. Mgawanyo huo ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1962. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule za misheni zikashikwa na serikali. Wapo Wakristo waliolia. Lakini mzazi Mwislamu aliona mlango usiouliza tena habari za ubatizo. Siku hizi sisi makatekista twaingia darasani kwa kipindi cha dini, na mwalimu wa Kiislamu aingia darasa la pili. Lile alilolitaka von Soden limepatikana kwa njia ndefu.

Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lasema kwamba wazazi wana haki ya kwanza ya kuchagua namna ya elimu ya watoto wao. Lakini kuchagua si kuzuia: Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto na kumhudhurisha shuleni mpaka amalize elimu ya msingi. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali iliruhusu msichana aliyeacha masomo kwa kupata mimba arudi shuleni, naye kwa miaka mingi alikuwa akifukuzwa, wala hakuulizwa yeye wala mama yake.

Hapa kwetu Usagara twahudhuria mikutano ya wazazi. Tumesikia sana habari za michango, za madawati, na za chakula cha mchana. Mtoto hatujasikia akiitwa aseme.