Kutoka stika hadi stika: historia ya kuunganisha kifaa kipya na mtandao

Leo tuongee kuhusu dakika kumi za kwanza za kifaa kipya: printa, kamera ya ulinzi au ruta inayotoka kwenye boksi. Dakika hizo ndizo zinazoamua kama mwenye kifaa atakitumia mwenyewe au atamlipa fundi aje kuandika namba nne tu.

Tatizo ni la kuku na yai. Kompyuta ina kiwambo na kibodi, kwa hivyo unaiambia anwani yake ya IP moja kwa moja. Kamera haina vyote viwili. Ili uiwekee mipangilio lazima uifikie kupitia mtandao, na ili uifikie lazima tayari iwe na anwani. Uanzie wapi?

Jibu la mapema lilikuwa RARP ya mwaka 1984, kisha BOOTP ya 1985. Mashine ikiwashwa ilipiga kelele mtandaoni: "Namba ya kadi yangu ni hii, nani anajua anwani yangu?" Seva iliangalia orodha yake ikajibu. Lakini orodha hiyo iliandikwa na mtu kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine. Ofisi ndogo isiyo na seva wala msimamizi haikusaidika.

Ofisi kama hizo ziliachiwa njia nyingine, na waliofunga kamera za kampuni ya Axis ya Sweden wataikumbuka. Unageuza kifaa, unasoma stika yenye herufi na tarakimu 12 za kadi ya mtandao. Unaandika amri ya arp kwenye kompyuta yako, kuiambia kwamba anwani ya IP uliyoichagua ni ya kadi ile. Kisha unatuma ping yenye ukubwa wa baiti 408, ndani ya dakika 2 baada ya kuwasha umeme. Kamera ikiona pakiti ya ukubwa huo inaelewa: "Kumbe hii ndiyo anwani yangu." Mimi kama mwandishi wa programu navua kofia kwa ujanja huo. Lakini mwenye duka angewezaje kuujua?

DHCP, iliyotolewa 1993 na kuboreshwa 1997, ilimaliza kazi ya orodha. Seva ina fungu la anwani na inamkopesha kila anayeomba, kwa muda maalum. Hapo likazuka swali jipya: sawa, kamera imepewa anwani, lakini ni ipi? Printa ingeweza kuichapisha kwenye karatasi. Kamera ilinyamaza tu.

Ajabu ni kwamba jibu lilikuwepo tangu 1985. Katika AppleTalk, kila mashine ilijichagulia namba, ikauliza kama kuna mwenye nayo, na kama kimya, ikaichukua. Printa ilionekana kwa jina lake, mtumiaji akachagua. Stuart Cheshire, aliyekuwa Stanford kisha Apple, alitaka urahisi uleule katika mitandao ya IP. Kikundi cha Zeroconf kilianza kazi 1999, na Apple ikatoa Rendezvous mwaka 2002, ambayo tangu 2005 inaitwa Bonjour. Kifaa kisichopata DHCP hujipa anwani inayoanza na 169.254, kisha hujitangaza kwa jina na kwa kazi kinayofanya. Ukiona jina la printa linajitokeza lenyewe kwenye simu yako, mara nyingi ni kazi hiyo.

Je, mambo yakaisha? La. Kebo ilikuwa na faida moja ambayo hatukuifikiria: aliyeichomeka alikuwa ndani ya nyumba. Wi-Fi inasikika hadi kwa jirani. Sasa swali si tena "uko wapi?" bali "wewe ni nani, na kwa nini nikuamini?"

WPS ya mwaka 2007 ilijaribu kulirahisisha hilo kwa kitufe au PIN ya tarakimu 8. Desemba 2011 ikafichuliwa kwamba ruta ilikagua PIN hiyo vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ilitokana na hesabu ya zile nyingine. Badala ya kujaribu mamilioni, mwizi alihitaji majaribio yasiyozidi 11,000. Ni kazi ya saa chache.

Watengenezaji wengine walirahisisha kwa nenosiri moja kwa kila kifaa, lile la admin na admin. Mwaka 2016 programu haramu ya Mirai ilibeba orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani kama 60 tu, ikateka kamera na ruta kwa malaki, na Oktoba hiyo ikaiangusha kampuni ya Dyn pamoja na tovuti kubwa zilizoitegemea. California ilianza kuzuia manenosiri ya namna hiyo Januari 2020, Uingereza Aprili 2024.

Tumefika wapi basi? Tumerudi kwenye stika! Ruta nyingi mpya zina nenosiri lake pekee limechapishwa chini, na vifaa vya Matter, mfumo uliotoka 2022, vinaunganishwa kwa kuskani msimbo wa QR. Tofauti ni kwamba stika ya zamani ilibeba jina la kifaa, na ya leo inabeba siri yake.

Maoni yangu ni haya: anwani, majina na namba, mashine iachiwe yote. Lakini kuthibitisha kwamba kifaa hiki ni changu hakuwezi kuondolewa, kunaweza tu kufanywa kwa tendo moja fupi la mtu aliyekishika mkononi. Anayekuuzia kifaa "kisichohitaji lolote", muulize jirani naye atahitaji nini.

Na kabla ya kuipandisha kamera darini, piga picha ya stika yake, uiweke mahali salama. Ukinunua ya mtumba, irudishe mipangilio ya kiwandani kwanza, kisha weka nenosiri lako mwenyewe. Mwenye zamani naye alishaisoma stika hiyo.