Honi Ilivyohamia Kwenye Usukani

Gari lililovuliwa usukani kwa sababu ya honi tu si jambo geni kwa mafundi wa Makanyagio, hapa Mpanda, mji uliokuzwa na madini ya risasi. Kisa chenyewe kina karne nzima.

Magari ya mwanzo yalikuwa na honi ya mpira wa kuminya, kando ya dereva. Ilipokuja ya umeme, kitufe kikahamia katikati ya usukani. Sasa umeme upiteje kwenye kitu kinachozunguka? Jibu la kwanza lilikuwa pete ya shaba na kaboni inayoisugua. Kaboni ikiisha, honi inanyamaza. Kisha ukaja mfuko wa hewa, ambao Mercedes-Benz walianza kuuuza mapema miaka ya 1980, na pete ikapisha utepe wa waya uliojiviringa kama springi ya saa. Utepe huo ukikatika, honi na mfuko hufa pamoja.

Fundi makini huchomoa betri, husubiri dakika kadhaa, huweka alama kwenye shafti, na huacha nati ishike kidogo mpaka usukani ulegee, usije ukamrukia usoni. Mwenye haraka hutoboa dashibodi na kufunga swichi ya kengele ya mlango. Honi inalia vizuri tu. Mfuko bado umekufa, na abiria hajui.