Mbio ndefu za mitumbwi: Wakongwe wanashindana vipi, na mto unawadai nini?

Kila mwaka, ifikapo mwezi Februari, wapiga kafi hukusanyika Pietermaritzburg, katika jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, kuanza safari ya siku tatu kuelekea Durban kwenye pwani ya Bahari ya Hindi. Mashindano hayo, yanayojulikana kwa jina la Dusi, yana urefu wa takriban kilomita 120. Katika mstari wa kuanzia hawasimami vijana peke yao. Wamo pia waliovuka miaka 50 na 60, na baadhi yao hushuka mto huo wakiwa ndani ya mtumbwi mmoja na watoto wao.

Katika michezo mingi, mtu wa umri huo huonekana amekwisha kuhamia jukwaa la watazamaji. Katika mbio ndefu za mitumbwi hali ni tofauti: wakongwe wana madaraja yao, medali zao, na mashindano yao ya dunia. Hata hivyo, nafasi hiyo ina masharti yake, na si kila mpiga kafi anayebahatika kuifikia.

Nani anahesabiwa kuwa mkongwe?

Kwa mujibu wa utaratibu wa Shirikisho la Kimataifa la Mitumbwi, ICF, mshindani huingia daraja la wakongwe anapotimiza miaka 35. Kuanzia hapo hupangwa katika makundi ya miaka mitano mitano: wa miaka 35 hadi 39, wa 40 hadi 44, na kuendelea hadi makundi ya wazee kabisa. Lengo ni kwamba mtu wa miaka 62 apimwe kwa kasi ya rika lake, asipimwe kwa ile ya kijana wa miaka 36. Nchini Afrika Kusini makundi hayo yamepewa hata majina: kuna veterani, kuna masta, na kuna masta mkuu.

Mashindano ya dunia ya mbio ndefu yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1988 mjini Nottingham, Uingereza. Siku hizi mbio za wakongwe huandaliwa katika eneo lile lile na kwa kawaida katika wiki ile ile ya mashindano ya dunia, kama ilivyokuwa mwaka 2017, Pietermaritzburg ilipokuwa mwenyeji. Mkongwe hupiga kafi kwenye maji yale yale watakayoyatumia mabingwa siku chache baadaye. Mchezo huu haumo katika Michezo ya Olimpiki, ambako hushindaniwa mbio fupi na zile za maji ya kasi. Kwa sababu hiyo, mashindano ya dunia ndiyo kilele chake.

Mbio zenyewe zinakwendaje?

Wanaume wa daraja la juu hupiga kafi umbali unaokaribia kilomita 30, na humaliza kwa muda wa saa mbili na ushei. Kwa wakongwe umbali hupunguzwa, na kadiri umri unavyopanda ndivyo mizunguko inavyopungua. Lakini sura ya mbio haibadiliki. Washindani huzunguka katika njia iliyowekewa maboya, na kila baada ya muda hulazimika kutoka majini, kuubeba mtumbwi begani au mkononi, kukimbia nao nchi kavu, kisha kuurudisha majini na kuendelea.

Mtumbwi wa mtu mmoja, unaoitwa K1, hauruhusiwi kuzidi urefu wa sentimita 520 wala kupungua uzito wa kilo 8. Ule wa watu wawili, K2, una kikomo cha sentimita 650 na uzito usiopungua kilo 12. Ni vyombo vyembamba mno. Anayekalia K1 kwa mara ya kwanza huanguka majini kabla hajapiga kafi la pili, na hujifunza mizani kwa wiki kadhaa kabla ya kujifunza kasi.

Mbinu inayowapa wakongwe nafasi ni ile ya kupanda wimbi la mwenzako. Mtumbwi unapokwenda huacha mawimbi nyuma na ubavuni. Anayejua kukaa mahali panapostahili juu ya wimbi hilo hutumia nguvu kidogo kuliko aliye mbele, sawa na mwendesha baiskeli anayejikinga upepo nyuma ya mwenzake. Kanuni zinaruhusu. Ni ujuzi wa kuona, kusubiri na kupima wakati wa kuchomoka, na huja kwa miaka. Ndiyo maana kijana mwenye mapafu makubwa huweza kuachwa na mtu wa rika la baba yake.

Mfano wa jambo hilo ni Hank McGregor wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1978. Aliendelea kutwaa mataji ya dunia ya daraja la juu alipokuwa akikaribia miaka 40, umri ambao kikanuni ungemruhusu kabisa kushindana na wakongwe.

Dusi ilianzaje?

Dusi ina kanuni zake na ni kongwe kuliko mashindano ya dunia. Ilianzishwa mwaka 1951 na Ian Player, ambaye baadaye alipata umaarufu kama mhifadhi wa wanyamapori kwa kazi ya kuwaokoa vifaru weupe. Mwaka huo walianza watu wanane. Mto ulikuwa na maji haba, na baadaye mafuriko yakaja. Aliyefika Durban alikuwa Player peke yake, baada ya siku sita na saa nane, akiwa ameumwa na nyoka njiani.

Leo mbio hizo zimegawanywa katika hatua tatu, na washindani hulala kambini kati ya hatua moja na nyingine. Hushuka mto Msunduzi hadi unapokutana na uMngeni, hupita katika Bonde la Vilima Elfu, huvuka maji tulivu ya bwawa la Inanda, na kumalizia kwenye mlango wa mto mjini Durban. Njiani kuna milima ya kupandwa kwa miguu, mtumbwi ukiwa begani, katika joto la kiangazi cha kusini. Graeme Pope-Ellis, aliyeshinda mara 15, alijenga ufalme wake kwa kuzisoma njia hizo za nchi kavu kwa makini kama alivyousoma mto.

Kwa mkongwe, vilima hivyo ndivyo mtihani. Bega lililochoka kwa kafi hutwishwa mtumbwi, na magoti yaliyokaa yamekunjwa kwa saa nzima hutakiwa kukimbia ghafla. Waandaaji humtaka kila mshindani awe amemaliza kwanza mbio nyingine za mtoni zinazotambuliwa, ili asiingie bondeni bila uzoefu.

Mwili wa mkongwe unahitaji nini?

Wataalamu wa tiba ya michezo wanakubaliana kwamba uwezo wa mwili kutumia hewa ya oksijeni hupungua kadiri umri unavyosonga, na kwamba mazoezi ya kudumu hupunguza kasi ya upungufu huo. Misuli nayo hupungua isipotumikishwa. Kwa hiyo mpiga kafi aliyevuka miaka 50 hashauriwi kutegemea maji peke yake. Huhitaji mazoezi ya nguvu, hasa ya misuli midogo inayoshika kiungo cha bega, ambacho hubeba mzigo mkubwa katika mchezo huu.

Tofauti kubwa na kijana iko katika mapumziko. Mwili wa kijana unaweza kustahimili siku mbili ngumu mfululizo. Wa mkongwe hudai siku nyepesi katikati, na asiyempa mwili haki yake hulipa kwa jeraha la miezi. Uchunguzi wa moyo na shinikizo la damu kabla ya msimu ni jambo la lazima kwa mwenye busara, hata kama anajiona mzima. Jaketi la kuokoa maisha si pambo, na maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuacha kutoa jasho katika joto ni amri ya kutoka majini.

Je, mto wenyewe ni salama?

Hili ndilo swali linalowasumbua wengi. Mto Msunduzi hupita katikati ya mji, na mifereji ya majitaka inapopasuka au kufurika, uchafu huishia mtoni. Wapiga kafi wamezoea kuzungumzia kuharisha kunakofuata mbio hizo kana kwamba ni sehemu ya mchezo. Mwezi Agosti mwaka 2019 mafuta na kemikali kutoka kiwandani vilimwagika mtoni na kuua samaki wengi. Mwezi Aprili mwaka 2022 mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 400 katika jimbo hilo yaliharibu pia mitambo ya kusafishia majitaka ya eneo la Durban.

Mito ya ukanda huo ina pia kichocho, ugonjwa unaofahamika vyema na wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, na ambao hutibika kwa vidonge vya prazikwanteli. Majini kunaweza kuwa pia na vijidudu vya homa ya mgunda, ugonjwa ulioripotiwa mkoani Lindi, Tanzania, mwaka 2022. Kufunika michubuko, kutokunywa maji ya mto, na kumweleza daktari kwamba mtu alikuwa mtoni ni hatua ndogo zenye faida kubwa. Homa inayoanza wiki kadhaa baada ya mbio isidhaniwe kuwa ni uchovu tu.

Mshindani hukaa mtoni siku tatu na kuondoka. Familia za bondeni hubaki na mto huo mwaka mzima. Wapiga kafi wamekuwa miongoni mwa sauti zilizodai usafi wake, na shirika la Duzi-uMngeni Conservation Trust hufuatilia hali ya maji na mifereji inayovuja. Mkongwe aliyeujua mto huu kwa miaka 30 ni shahidi ambaye takwimu za mwezi mmoja haziwezi kuchukua nafasi yake.

Nani hupata nafasi ya kuzeekea mtumbwini?

Chini ya ubaguzi wa rangi, mchezo huu ulikuwa wa Wazungu, ingawa mito ilipita katika vijiji vya Wazulu. Afrika Kusini yenyewe ilitengwa katika michezo ya kimataifa, na ilirejea katika Olimpiki mwaka 1992 mjini Barcelona. Mpiga kafi aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1980 alikuwa na miaka 32 mlango ulipofunguliwa. Kwa watu wa kizazi hicho, daraja la wakongwe lilikuwa njia ya kushindana na mataifa mengine hata baada ya miaka yao bora kupita.

Kwa wapiga kafi weusi mlango ulichelewa zaidi. Mwaka 2008 Michael Mbanjwa, akiwa na Martin Dreyer katika mtumbwi mmoja, alishinda Dusi na kuweka historia. Mwaka 2014 ushindi ulikwenda kwa Sbonelo Khwela na Andy Birkett. Mwaka huo huo mwalimu Piers Cruickshanks na Siseko Ntondini, kijana kutoka Soweto, walimaliza miongoni mwa kumi bora na kupata medali ya dhahabu. Kisa chao kilichochea filamu ya Beyond the River ya mwaka 2017.

Kizazi hicho sasa kinaingia au kinakaribia miaka 35. Mkongwe anayesafiri kwenda mashindano ya dunia kwa kawaida hujilipia nauli, malazi, ada na mtumbwi, na vyama vingi huelekeza fedha zao kwa vijana. Mwenye kazi nzuri na gari la kubebea mtumbwi huendelea. Asiye navyo hustaafu mapema, si kwa sababu mwili umemkatalia.

Kwa anayetaka kuanza akiwa na umri mkubwa, ushauri wa makocha ni mmoja: ajiunge na klabu, aanze na mtumbwi mpana kwenye maji tulivu, apige kafi pamoja na mwenye uzoefu katika K2, na ajipe msimu mzima kabla ya kufikiria mto wenye kasi. Umri haumzuii kuanza, lakini haumruhusu kuruka hatua.