Dawa ya ng'ombe ilivyowaangamiza tumbusi wa India

KWA karne nyingi, mzoga wa ng'ombe uliotupwa nje ya kijiji nchini India haukudumu kutwa nzima. Tumbusi walishuka kwa makundi na baada ya muda mfupi ikabaki mifupa mitupu. Kazi hiyo haikumgharimu mkulima hata senti moja, wala serikali haikuitengea fedha katika bajeti yake.

India ni miongoni mwa mataifa yenye mifugo wengi zaidi ulimwenguni, na Wahindu walio wengi hawali nyama ya ng'ombe. Mnyama anapokufa kwa uzee au maradhi, aghalabu huchunwa ngozi kisha hutupwa jalalani. Katika miaka ya 1980 ndege hawa walikadiriwa kuwa takriban milioni 40 nchini humo, na hakuna aliyedhani kwamba siku moja wangeadimika.

Dalili za kwanza zilionekana katika mbuga ya Keoladeo, jimbo la Rajasthan. Mtafiti Vibhu Prakash wa Shirika la Historia ya Viumbe la Bombay alikuwa amehesabu viota zaidi ya 350 mwishoni mwa miaka ya 1980. Aliporejea mnamo 1996, viota vilikuwa vimepungua hadi 150 hivi, na ndege waliokufa walikuwa wakining'inia matawini. Miaka michache baadaye hapakuwa na kiota hata kimoja.

Wanasayansi walishuku kwanza maradhi ya kuambukiza, kisha dawa za kuua wadudu. Jawabu lilipatikana mwaka wa 2004 kutokana na utafiti uliofanywa katika nchi jirani ya Pakistan chini ya uongozi wa Lindsay Oaks. Kundi lake liliwapasua tumbusi waliokufa na kukuta viungo vya ndani vimefunikwa na unga mweupe wa asidi ya yuriki, ishara kwamba figo zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Ndege 25 waliokuwa na hali hiyo walipopimwa, wote walipatikana na mabaki ya diklofenaki. Wengine 13 waliokufa kwa sababu nyingine hawakuwa nayo.

Diklofenaki ni dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, ambayo binadamu wamekuwa wakiitumia kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990 ilianza kuuzwa kwa bei nafuu kwa matibabu ya mifugo, na wakulima wakaipenda kwa kuwa ng'ombe anayechechemea aliweza kurudi kazini upesi. Ng'ombe akifa siku chache baada ya kudungwa sindano, dawa husalia mwilini, na tumbusi anayekula nyama hiyo hufa kwa kushindwa kwa figo.

Watafiti walikokotoa kwamba ilitosha mizoga isiyofika mmoja katika kila 100 kuwa na sumu hiyo ili kuleta maangamizi yaliyoshuhudiwa. Sababu ni kwamba mzoga mmoja hulisha makumi ya ndege, ilhali tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka na huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa. Kati ya 1992 na 2007, aina inayojulikana kisayansi kama Gyps bengalensis ilipungua kwa asilimia 99.9. Aina nyingine mbili zilipungua kwa takriban asilimia 97.

Pengo hilo halikubaki wazi. Mizoga ilioza karibu na makazi na mito, na mbwa wa kurandaranda wakaongezeka kwa mamilioni. Mbwa ndio wanaoeneza kwa kiasi kikubwa ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao nchini India huua watu wengi kuliko katika nchi nyingine yoyote. Mnamo 2024, wanauchumi Eyal Frank na Anant Sudarshan walichapisha utafiti uliolinganisha wilaya zilizokuwa na tumbusi wengi na zile zisizokuwa nao. Walikadiria kwamba kutoweka kwa ndege hao kulichangia vifo vya ziada vya watu wapatao 500,000 kati ya 2000 na 2005, na hasara ya takriban Dola za Marekani bilioni 69 kila mwaka.

Jamii ya Waparsi mjini Mumbai nayo iliathirika kwa namna ya pekee. Kwa mujibu wa dini yao, maiti hawazikwi wala kuchomwa, bali huwekwa juu ya minara ili waliwe na ndege. Tumbusi walipokosekana, iliwabidi Waparsi kutafuta njia mbadala, ikiwemo vioo vya kukusanya miale ya jua.

Serikali ya India ilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo mnamo 2006, baada ya majaribio kuonyesha kwamba dawa nyingine, meloksikamu, hutibu mifugo bila kuwadhuru tumbusi. Hata hivyo, wauzaji waliendelea kuwapa wafugaji chupa kubwa za dawa iliyokusudiwa binadamu, hadi mwaka wa 2015 serikali ilipoagiza kila chupa iwe ya kipimo kimoja cha mililita 3 pekee. Mwaka wa 2023, dawa za ketoprofeni na aseklofenaki nazo zilipigwa marufuku kwa mifugo, kwani madhara yake yalikuwa yale yale.

Sambamba na hayo, vituo vya kuzalisha tumbusi vimejengwa, kile cha Pinjore katika jimbo la Haryana kikiwa cha kwanza. Kasi ya kupungua imezuiwa, lakini idadi haijarudi. Hesabu ya 2015 ilikadiria Gyps bengalensis 6,000 pekee nchini kote.

Suala hili linatuhusu sisi pia. Majaribio yamethibitisha kuwa diklofenaki huua hata tumbusi wa Afrika, na mnamo 2015 aina kadhaa za bara hili ziliorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kuangamia. Nchini Kenya tishio kuu ni sumu ambayo baadhi ya wafugaji hutia katika mizoga ili kulipiza kisasi kwa simba na fisi. Mzoga mmoja wa aina hiyo waweza kuua makumi ya tumbusi kwa siku moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. India ilichukua miaka miwili tu kupiga marufuku dawa hiyo tangu chanzo kijulikane, lakini ndege walikuwa wamekwisha kuangamia kwa zaidi ya mwongo mmoja kabla ya hapo. Ukuta huo ungali unajengwa hadi leo.