Mto Mutambala na Mlango wa Lukuga

Mto Mutambala si mto mkubwa. Chanzo chake kimo katika milima ya Fizi, nao huteremka na kuingia Ziwa Tanganyika jirani na mji wa Baraka, ambako rasi ya Ubwari imeikinga ghuba. Jina lake ndilo jina la mojawapo ya sekta za Fizi. Upande wa pili wa milima hiyo, maji hukusanywa na Mto Luama, unaoelekea magharibi hadi Lualaba. Hivyo mvua ya mlima mmoja hugawanyika njia mbili, na mtazamaji wa ramani aweza kudhani kwamba maji hayo hayakutani tena.

Ukweli ni kwamba hukutana, lakini haikuwa hivyo nyakati zote. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Lukuga, karibu na Kalemie. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alifika hapo, akashikilia kwamba maji yanatoka ziwani. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley aliukuta mlango umezibwa na matope na mafunjo, akampinga. Mwaka 1879 Edward Hore aliona mkondo wenye nguvu ukielekea magharibi. Wasafiri hao hawakudanganyana: katika miaka hiyo michache ziwa lilikuwa limejaa na kizibo kikavunjika. Baadaye kina cha ziwa kilishuka kwa takriban mita 10.

Kutokana na hayo, Mutambala, bila kubadili mkondo wake hata hatua moja, ulibadili mwisho wake. Awali maji yake yalikomea ziwani na kupotea kwa jua. Baadaye yalipita Lukuga, yakaingia Lualaba, yakakutana na yale ya Luama, yakaendelea pamoja hadi Bahari ya Atlantiki.

Jambo hili halihusu wanajiografia peke yao. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofurika, nyumba za ufukweni ziliingiliwa na maji, Baraka ikiwa miongoni mwa miji iliyoathirika. Mvua huleta maji ziwani kupitia mito kama Mutambala, lakini kasi ya kuyatoa hutegemea Lukuga, mbali kusini. Kwa hiyo anayetaka kuulinda ufukwe wa Baraka hana budi kuchunguza miteremko ya Fizi, kisha autazame pia mlango wa Kalemie.