Asistani medikali: masomo yenye iliwekewa mwisho kabla ya udaktari

Bukavu na Kabare kila mtu anajua Fomulac. Ukisema unapeleka mgonjwa Fomulac, hakuna mwenye atauliza ni wapi: ni hospitali ya Katana, ukishapita Kavumu unaendelea mbele. Lakini uliza wanafunzi kumi herufi zile zinasema nini, utaona vile wanaangaliana. Ni Fondation Médicale de l'Université de Louvain au Congo. Ilianzishwa mwaka 1926, na mizizi yake si huku kwetu, ni Kisantu, Bas-Congo. Huko njo walifundisha infirmie weusi, na baadaye asistani medikali. Sisi wa kilimo tuko na ndugu yake: mwaka 1932 Louvain ileile ilianzisha CADULAC, palepale Kisantu, kwa kufundisha asistani wa kilimo. Niliona neno hilo «asistani» mara mbili, kwa wagonjwa na kwa mihogo, njo nikaanza kujiuliza: asistani wa nani? Na juu ya nini siku zote asistani?

Tuanze na kazi yenyewe. Miaka ya 1920 na 1930 koloni iliogopa ugonjwa wa usingizi kuliko yote, juu ulimaliza watu, na bila watu hakuna mikono ku mines, ku plantations, ku barabara. Timu zilizunguka kijiji kwa kijiji: watu wanapangwa mustari, mtu anapapasa shingo kutafuta tezi zenye zimevimba, anatoa maji ya tezi kwa sindano, mwingine anaangalia ku mikroskopi. Waganga wazungu hawangeweza kumaliza kazi hiyo peke yao. Njo maana walihitaji weusi wenye kujua kutumia mikroskopi vizuri, kuandika rejista na kutoa dawa yenye kipimo kibaya kinaweza kupofusha mgonjwa. Infirmie walikuwa wengi, lakini serikali ilitaka mtu wa juu kuliko infirmie, na chini ya munganga mzungu. Katikati ya miaka ya 1930 shule ya asistani medikali ikafunguliwa Léopoldville. Jina la kwanza lilikuwa na mkia: assistant médical indigène. Mkia huo ulikuja kubadilishwa baadaye, ikawa congolais.

Masomo yalikuwa miaka sita, kwa kijana mwenye alishamaliza masomo ya sekondari ya wakati ule. Kwanza darasa: anatomia, fiziolojia, magonjwa ya inchi za joto, labo, upasuaji mdogo. Kisha staji ya muda mrefu ku hospitali, chini ya macho ya munganga. Si masomo ya mchezo. Mtu alitoka pale anajua kuchunguza mgonjwa, kutafuta ugonjwa, kutibu, kushona, kusaidia ku upasuaji mkubwa. Mbali ndani ya inchi, mara nyingi yeye njo alikuwa munganga kwa kweli, juu mzungu alipita siku moja moja.

Wasichana hawakuwemo. Wao walifundishwa kuzalisha tu, na hata hapo kwa kiwango cha chini. Hiyo nayo inastahili andiko lake, dada mmoja ailete.

Sasa, ku karatasi, asistani hakuwa munganga. Hakuwa na haki ya kufanya kazi peke yake, alipaswa kuwa chini ya daktari mzungu. Na kulikuwa pia agent sanitaire, mzungu mwenye masomo yake ya kiganga yalikuwa mafupi kuliko ya asistani. Lakini ku daraja na ku mshahara, huyo njo alikuwa juu. Wazungu walikuwa na sheria yao ya kazi, weusi yao. Ilibidi kungoja 1959 ili kupata statut unique, mwaka moja na nusu tu mbele ya uhuru. Asistani alihesabiwa kati ya évolués, anavaa koti safi, anasoma gazeti, anaweza kuomba carte du mérite civique. Alipewa heshima, lakini ngazi yenyewe hapana.

Wengine watasema: ilikuwa vile mahali pote, ni wakati ule. Hapana, si kweli kabisa. Dakar, Wafaransa walifungua shule ya udaktari mwaka 1918; Félix Houphouët-Boigny alitoka pale mwaka 1925, akafanya kazi ya uganga kabla ya siasa. Nao waliitwa wasaidizi, sawa, lakini jina la munganga walikuwa nalo. Makerere ya Uganda nayo ilianza kufundisha waganga wasaidizi miaka ya 1920, na kidogo kidogo ikakuwa shule ya madaktari kamili. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi walikuwa na Groupe scolaire ya Astrida, mahali palikuja kuitwa Butare: asistani medikali, asistani wa mifugo, wa kilimo, wa utawala. Mbelgiji yuleyule, na dari ileile. Kuna msemo wa koloni wenye tumesikia wote, kwamba pasipo wasomi hapana matatizo. Naona masomo ya asistani ni msemo huo umewekwa ku programu ya shule: unamfundisha mtu karibu yote, kisha unasimamisha.

Lovanium ilifunguliwa 1954, na fakilte ya uganga ndani. Lakini masomo yale ni marefu, hesabu mwenyewe. Tarehe 30 juni 1960 hakuna Mkongomani hata mmoja mwenye alikuwa amemaliza udaktari. Inchi kubwa vile. Wenye lisansi ya namna yoyote hawakufika hata 30. Asistani medikali walikuwa kama 130 na kitu.

Wiki ya kwanza ya julai askari wakaasi, waganga wengi Wabelgiji wakakimbia. Hospitali zikabaki na infirmie na asistani. Shirika la afya la ulimwengu (OMS) na Msalaba Mwekundu wakaleta timu kutoka inchi mbalimbali. Na hapo OMS ikafanya jambo lenye mimi naliona ni kubwa kuliko timu zote: ikawapa asistani bourse, ikawatuma Ufaransa ku fakilte za udaktari. Hawakuanzishwa mwaka wa kwanza. Walihesabiwa masomo yenye walikuwa nayo, na kwa miaka karibu mitatu kundi la kwanza likamaliza, likarudi na diploma ya daktari.

Miaka mitatu! Tusipite haraka hapo. Mtu alifanya kazi miaka kumi au kumi na tano kama msaidizi, na kumbe kilichobaki ni miaka mitatu. Kama angelikuwa hajui, Ufaransa wangemrudisha mwanzo.

Ku kijiji, watu hawakungoja 1963. Swahili yetu inamwita munganga kila mwenye kuvaa blouse nyeupe na kukutibu, akuwe docteur, akuwe infirmie. Mgonjwa anajua mwenye alimponya. Daraja ni mambo ya ofisi.

Na ofisi ingali na madaraja yake. Leo tuko na ITM yenye inatoa A2, tuko na ISTM ya Bukavu, ya Kinshasa, ya Lubumbashi. Ku centre de santé ya ndani, infirmie titulaire njo anafanya consultation, anaandika dawa, anaamua nani apelekwe hospitali kubwa, mara zingine ni safari ya siku nzima kwa kipoyi. Akitaka kuendelea na udaktari, je, miaka ile inahesabiwa? Wenye mko ISTM mnajua jibu kuliko mimi: wengi wanaanzia mwaka wa kwanza, na watoto wenye wametoka juzi ku sekondari. Mwaka 1960 hesabu hiyo ilifanyika kwa haraka, juu hospitali zilikuwa tupu.

Kama kwenu kuna mzee mwenye alikuwa asistani medikali, Kisantu, Léopoldville ao Astrida, mwangalie ndani ya sanduku lake. Diploma, picha ya darasa, barua ya kutumwa kazi. Mzipige picha kabla mchwa haijazifikia, na muandike chini jina la shule na mwaka.