Mfarishi wa Viraka: Habari za Nguo Zilizofika Handeni na Korogwe

Katika kitabu cha yubile watu hutazamia kusoma majina ya maaskofu, makasisi na walimu, na miaka ya kujengwa kwa makanisa. Hayo yana mahali pake. Mimi napenda kunena habari za nguo. Bibi zetu wengi wa Uzigua na wa kandokando ya mto Pangani hawakuacha maandishi, lakini waliacha nguo masandukuni; na mwenye kujua asili ya kila nguo aweza kusoma humo habari za maisha yao. Kazi ifaayo sana kuzihifadhi habari hizo ni mfarishi wa viraka vya kila umbo, uliotariziwa kwa mkono.

Mfarishi wa namna hii ulivuma kwanza Marekani. Mwaka 1876 palikuwa na maonyesho makubwa katika mji wa Philadelphia, na watu wakaona huko kazi za Kijapani ambazo pande zake hazikulingana, nazo zilipendeza. Baadaye wanawake wakashika kuunga vipande vya hariri na mahameli pasipo kufuata mistari, na kutarizi juu ya kila mshono. Desturi hiyo ilidumu kwa nguvu hata karibu na mwisho wa karne ile.

Msomaji asidhani kwamba nchi ile ilikuwa mbali nasi kwa habari ya nguo. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alifanya mapatano ya biashara na Wamarekani, na merikebu za Salem, katika Massachusetts, zikaleta Unguja nguo ya pamba isiyotiwa rangi. Kwa sababu hiyo ikaitwa merikani. Toka Unguja ilivuka mpaka bandari za Mrima, kama Pangani na Sadani, na wapagazi wakaipeleka bara. Ilikuwa vazi, tena ilikuwa kama fedha: kwayo pembe zilinunuliwa, na hongo ililipwa njiani. Vita vya Marekani vya 1861 hata 1865 vilipopunguza pamba, nguo za India zikapata nafasi. Basi kiraka cha kwanza ni merikani, na cha pili ni kaniki iliyotiwa nili, nguo ya mwanamke aendaye shamba.

Cha tatu ni kanga. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizokuwa bado kukatwa katika jora, wakaziunga sita kuwa nguo moja. Ndiyo kusema, kanga yenyewe ilizaliwa kwa kuunga vipande. Baadaye ikaja na pindo lake, mji wake na jina lake. Katika wafanya biashara walioieneza, Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza duka lake mwaka 1887, anakumbukwa mpaka leo.

Ushonaji wa shule nao una habari yake. Huko Mbweni, Unguja, misheni ilikuwa na shule ya wasichana waliookolewa katika utumwa, na Caroline Thackeray aliiongoza tangu 1877. Walijifunza kusoma, tena kushona. Baadhi yao waliolewa na walimu, wakaja nao bara, na sindano zao zikaja pamoja nao. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, majora yalipata njia fupi kuliko mabega ya wapagazi.

Iko na miaka ya uhaba. Juni 1916 vita vilipita Korogwe na Handeni, na bahari ilikuwa imefungwa. Nguo ikawa adimu. Ikawa adimu tena katika vita vya 1939 hata 1945, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipopanga foleni kwa ajili ya kanga moja. Baada ya biashara kufunguliwa mwaka 1984, mitumba ikajaa magulioni. Katika mafungu hayo leo hupatikana tai za hariri na vipande vya mahameli, ambavyo zamani vilikuwa vya matajiri.

Sasa habari ya kazi yenyewe. Fua kwanza kila kitambaa, ili kisije kikaruka baadaye. Kaniki ilowe, kisha ikandamizwe juu ya kitambaa cheupe. Ikiacha rangi, ifuliwe tena. Twaa merikani iwe msingi. Weka katikati kiraka chenye pande tano. Juu yake laza cha pili kifudifudi, shona ukingo mmoja, kigeuze, kisha kilaze. Endelea hivyo mpaka msingi usionekane. Piga bandi penye kulegea. Ndipo utarizi kila mshono kwa uzi wa rangi, kama mnyororo, au kama mifupa ya samaki. Mwisho tia bitana, na kuishikiza kwa mafundo hapa na hapa, maana mfarishi huu ni mzito kwa sindano.

Tena kuna onyo. Zamani zile watengenezaji wa hariri walikuwa wakiitia chumvi za madini ili iwe nzito, na hariri hiyo sasa yapasuka yenyewe katika mifarishi ya kale huko Marekani. Pamba iliyokuwa kando yake ingali nzima. Usiache mbachao kwa msala upitao: kaniki ya bibi yaweza kuishi kuliko hariri ya dukani.

Lakini kitambaa pasipo habari yake ni tambara tu. Mzee akifariki, nguo zake hugawanywa, na zilizochakaa huwa za kupangusia sufuria. Baada ya miaka michache hakuna ajuaye ipi aliivaa siku ya arusi yake, wala ipi aliipata wakati wa uhaba. Kwa hiyo tuwaendee wazee wangali hai. Tuombe kipande kwa ruhusa ya wenyewe, wala tusikate nguo ya marehemu pasipo shauri la jamaa zake. Na juu ya kila kiraka tutarizi jina la mwenyewe, kijiji chake, na mwaka. Wajukuu watakaoufunua mfarishi huo katika yubile nyingine watajua ni nani waliokuwapo.